Jino la Saba

Mimi ni Perez Aluoch wa Kaloleni. Shule nilisoma miaka miwili tu, lakini hesabu ya meno yangu naijua. Mbele, chini, sina meno sita. Hayakuoza. Yaling'olewa nikiwa msichana, jinsi sisi Wajaluo tulivyofanya zamani, na sikulia. Siku hiyo niliapa kwamba la saba hakuna mtu atakayelitoa.

Nimekaa na kiapo hicho miaka zaidi ya sitini. Wenzangu wa kanisa nyama wanaimumunya, mimi mfupa nauvunja.

Halafu mwaka jana jino lililo kando ya pengo likaanza kutoa damu nikipiga mswaki. Nikasema ufizi umeumia, wacha upumzike. Kwingine nikawa nasugua, hapo naparuka. Miezi ikapita, jino likaanza kucheza.

Mjukuu wangu Whitney akaniambia madaktari wa meno wanakuja kwenye holi ya mtaa. Nikakataa. Kazi ya hao naijua, ni koleo. Akasema basi nikae, litaniangukia kwenye ugali. Nikafunga kitambaa changu, tukaenda.

Daktari alikuwa msichana Mkamba, Kavindu. Akamulika tochi mdomoni.

"Shosho, haya sita yalioza lini?"

Foleni nzima ikanyoosha shingo.

"Shosho ni nyanya wa Kikuyu, mimi Mjaluo ni dani," nikamwambia. "Na hayakuoza, yalitolewa kwa heshima. Hesabu yaliyobaki, halafu uniombe msamaha."

Akahesabu ishirini na sita, akaomba msamaha. Akanisimulia kwamba nyanya yake wa Machakos alichongwa meno yakawa na ncha kama misumari. Tukacheka. Kisha akagusa lile linalocheza.

"Hilo huling'oi," nikasema.

"Silitaki, dani. Wewe ndiye unayeling'oa, kwa kuliruka na mswaki."

Akanieleza kwamba ufizi ulitoka damu kwa sababu ya uchafu, na nilipouacha upumzike, uchafu ndio uliopumzika pale. Akaukwangua, ulikuwa umeganda kama simiti. Akaniambia nitumie mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi, asubuhi na kabla ya kulala. Nisugue polepole pale jino linapoingia kwenye ufizi, na upande wa pengo nisiusahau. Damu ikitoka, nisiache.

Ilitoka siku nne, na siku zote nne nilimtukana huyo msichana moyoni. Siku ya tano ikakatika.

Baada ya miezi mitatu nilimfuata kliniki kwake. Akalitikisa lile jino kwa chuma chake chembamba. Linacheza kidogo, akasema, lakini limeshika. Halitoki.

Nyumbani Whitney akataka kunipongeza. Nikamwambia apige mswaki kwanza nikimwangalia. Alipotema, mate yalikuwa mekundu.

"Hapo panapotoka damu," nikamwambia, "ndipo usiparuke."