Mimba ya Samli

Niliwahi kubebeshwa mimba na bakuli la maziwa.

Msinicheke. Nilikuwa mwari, nimewekwa ndani kwetu Mishomoroni nikingoja harusi yangu, na harusi yenyewe nusura ife.

Baba yangu, Mzee Mbwana, aliuza kahawa. Alipita na birika lake la shaba akigonganisha vikombe mkononi, na kila baraza la Kisauni lilimjua kabla hajatokeza. Mama alikaanga buni, mimi nikaitwanga. Na anayetwanga huonja. Nilianza kunywa kahawa chungu kabla sijajua kusoma. Shule niliiacha darasa la nne. Kahawa sikuiacha.

Kitu nilichokosa ni mdomo. Nilikuwa na haya mpaka nikiitwa, ile "abee" yangu niliisikia peke yangu.

Shee, fundi cherehani wa Likoni, alipoleta posa, wazee walikubaliana upesi. Mama yake, Bi Barke, akaweka sharti moja tu.

"Mwari asiguse kahawa. Kahawa hukausha damu ya mwanamke. Nataka mkwe mwenye mwili, sitaki ufito."

Mama akacheka. "Huyu amekulia kwenye kahawa, dada, na damu anayo."

"Anayo, lakini nyepesi. Niachieni mimi."

Kesho yake ukaletwa mkebe wa samli, na mtu wa maziwa akaagizwa apite kwetu kila asubuhi.

Wa kunilisha alikuwa somo yangu, Bi Mwanaima, mwanamke aliyepewa kazi ya kunilea mpaka siku ya harusi. Singo ya kusugulia mwilini, udi nguoni, chakula mdomoni. Uji wa maziwa. Mkate unaoogelea kwenye samli. Ndizi za nazi. Halafu maziwa ya kushushia.

"Kula, Tumu mwanangu. Bibi harusi si mpini wa jembe."

Nikala. Mwari hasemi, na mimi hata kabla ya kuwekwa ndani sikuwa msemaji.

Kichwa kikaanza kuniuma, upande mmoja, kama kimepigwa msumari. Mikono ikatetemeka. Mama akikaanga buni uani, harufu ikipenya dirishani, machozi yananitoka kama nimefiwa.

Halafu tumbo likagoma.

Asubuhi moja nilipewa bakuli la maziwa ya moto, samli imetanda juu, nikatapika lote. Kesho yake pia. Siku iliyofuata sikungoja hata ninywe. Nililiona tu.

Bi Mwanaima akaketi kitandani, akaniangalia sana.

"Watamani nini, mwanangu?"

Ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza. Nikajikaza.

"Kahawa. Chungu."

Akaniangalia usoni, akaliangalia tumbo langu, ambalo kwa kazi yake mwenyewe lilikuwa limeanza kutuna.

"Asubuhi watapika. Vitu vichungu wavitamani." Akajipiga kifuani. "Tumu! Umenifanya nini?"

Mji ukapata habari. Barazani wanaume walikuwa wakibishana uhuru ukija Mwambao wa Pwani utakwenda Kenya au utabaki wa Sultani. Jikoni wanawake waliulizana mimba imetoka wapi. Kabla ya adhuhuri maneno yalishavuka kivuko, yako Likoni.

Mama alikuja akafunga mlango.

"Niambie ni nani. Sitakupiga."

Nikainamisha kichwa.

Ningesema nini? Kwamba chakula cha wakwe kinanitapisha? Hilo ni tusi. Nikanyamaza, na kwetu msichana akiinamisha kichwa hivyo, amekwisha kukiri. Mama akalia. Nami nikalia kwa kuwa mama analia, basi ushahidi ukakamilika.

Jioni Bi Barke akaingia. Kichwa kimefungwa kanga kwa nguvu, uso umekunjamana.

"Shikamoo, mama," nikanong'ona.

Hakuitikia. Shikamoo isiyoitikiwa, nikajua mimi si mkwe tena.

"Nimekuja kuvunja," akamwambia mama. "Kwa heri tu, bila ya kelele."

Mama aliona aibu, lakini mgeni ni mgeni, hata aje kukuvunjia nyumba. Akamimina kahawa, akaiweka mbele yake. Nyumba yetu haikuwa na kitu kingine cha kumkaribishia mtu.

Mkunga, Bi Dhahabu, alikuwa ameitwa tayari. Alinilaza palepale mbele yao, akaniminyaminya tumbo, akatega sikio, akaguna.

"Kuna kitu?" Bi Barke akauliza.

"Kimo."

Mama akashika ukuta.

"Samli," akasema Bi Dhahabu. "Na maziwa ya wiki nzima. Mimba hana huyu. Mmemshindilia kama gunia la makonge."

"Na hamu ya kahawa je?" mama akauliza.

"Mtoto wa muuza kahawa! Mwataka atamani nini, mafuta ya taa?"

Bi Barke hakucheka. Wala hakuwa anamsikiliza. Nilimtazama vizuri. Macho yake yalikuwa kwenye kikombe. Vidole vilikuwa vinatetemeka juu ya buibui, kama vyangu. Na ile kanga kichwani ilikazwa zaidi upande mmoja.

Sijui nilipata wapi sauti ya kumwuliza.

"Mama, na wewe kichwa kinakuuma upande huu?"

Chumba kizima kikanigeukia.

Bi Barke akafungua mdomo anitukane. Badala yake akakunja uso kama mtoto.

"Daktari amenikataza," akasema. "Damu yapanda. Ati niache kahawa kabisa. Tangu mwezi wa mfungo uishe, wallahi, silali, sicheki. Nikawaza, mwana wa Mbwana aje na kinu chake atwange nyumbani mwangu kila siku... nitaiweza wapi?"

Mama akainuka pole pole.

"Kwa hivyo damu iliyokuwa na matatizo si ya Tumu."

"Yangu."

"Na maziwa yale?"

"Ya kuupa uongo nguvu. Sharti bila sababu lingekubaliwa?"

Bi Dhahabu alicheka mpaka akatoka nje. Bi Barke akaitikia ile shikamoo yangu, kwa kuchelewa. Nikaletewa kahawa, nikanywa mbele ya mama mkwe, naye akakaa karibu sana, akivuta pumzi.

Harusi ikafanyika. Nilikwenda Likoni nikiwa na mwili wa kutosha na jina safi.

Sikumaliza mwezi pale kwao, Bi Barke akarudi hospitali kupimwa. Jioni tumeketi kula, akasukuma sahani ya samaki.

"Mwanangu, chumvi punguza. Chumvi humzeesha bibi harusi."

Shee akainamia sahani yake. Zamani mimi pia ningenyamaza, tukala samaki wa chukuchuku, bila chumvi, mpaka uzeeni.

"Mama," nikasema, "daktari amekwambia nini leo?"

Tangu siku hiyo nina kibakuli changu cha chumvi kando, na yeye ana chungu chake kisicho na chumvi. Nanyi mkikatazwa kitu kwa ajili ya afya yenu, itikieni kwa adabu, kisha ulizeni ni nani anayeumwa.