Meza Iliyotetemeka

Wiki ya tatu ilikuwa inaisha na sijapata kitu. Maabara yetu ilikuwa na hadubini isiyotumia lenzi. Ina sindano yenye ncha nyembamba mno, inayopapasa kitu kama kidole gizani. Ikikwama, kijiti kinachoibeba hujipinda kidogo, na mpindo huo ndio unaotuonesha msuguano. Nilikuwa nasoma shahada ya pili, nikitaka kuuona msuguano wa atomu kwa atomu. Kwenye skrini niliambulia michirizi tu.

Siku hiyo mama alinipitia akitoka kupeleka vinyago dukani Msasani. Nyumbani Goba baba huchonga mpingo, mama hupiga msasa.

"Shikamoo mama," mwalimu wangu alimwamkia.

"Marahaba. Haya, nionesheni hiyo kazi ya kusugua. Mie nasugua tangu nimeolewa, sijapewa hata cheti."

Tulicheka. Akaegemeza kiganja mezani ili aone skrini vizuri, mara akaitazama meza.

"Mbona meza yenu inatetemeka?"

"Haitetemeki, mama," nilimjibu.

"Inatetemeka. Weka mkono hapa."

Niliweka, sikuhisi kitu. Mwalimu akaweka wake, akafumba macho, halafu akainama. Mguu mmoja wa meza ulikuwa umegusa ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo ndiko injini ya kiyoyozi ilikofungwa.

Tukazima kiyoyozi, tukaisogeza meza. Madirisha tuliyaacha yamefungwa, upepo usiisumbue sindano. Jasho likatutoka. Nikaanza upya.

Mstari wa kwanza ukaja safi. Wa pili ukaja na meno! Meno madogo madogo, yamepangana kama ya msumeno: sindano inanasa, inachomoka, inanasa tena, kila jino ni hatua moja ya atomu kwenye grafiti, madini yale yale ya penseli.

"Imekuja!" nilipiga kelele.

"Rudia!" Mwalimu naye alikuwa anapiga kelele. "Rudia sasa hivi!"

Nikarudia. Ikaja tena. Kipanya cha kompyuta kilikuwa kinateleza mkononi kwa jasho, na nilikuwa nacheka peke yangu.

Mama alisogea karibu. "Kwa hiyo hata nikipiga msasa kinyago mpaka king'ae, bado kina vimeno?"

"Bado, mama."

"Usimwambie baba yako."

Tulipima mpaka saa kumi jioni. Mama alivuta kiti, akajipepea kwa mtandio wake, akakataa kuondoka.