Kunde za Upande wa Pili

Mtaa mzima ulimwita Bi Pasi, na yeye hakuwa na ugomvi na jina hilo kwa sababu alikuwa amelitolea jasho. Maisha yake ya kazi yote aliyamalizia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, amesimama mbele ya meza ndefu, akinyoosha mashuka ya wagonjwa. Siku ya kustaafu wenzake walimkabidhi pasi mpya iliyofungwa utepe mwekundu. Alishukuru, akaipeleka nyumbani, akaipandisha juu ya kabati, na tangu hapo hakunyoosha hata kitambaa cha mkononi. Binti yake, mwalimu wa chekechea aliyekuwa akiishi naye, alijinyooshea nguo zake mwenyewe na hakuthubutu kuuliza.

Kilichomteka Bi Pasi baada ya hapo ni bustani. Nyuma ya nyumba walikuwa na kipande cha ardhi ambacho ukikiita shamba watu watacheka, lakini kwa mboga za watu wawili kilitosha na kubaki. Alipanda spinachi, mchicha, vitunguu, nyanya na bilinganya, na pilipili akaziweka karibu na mlango wa jikoni ili mtu akizihitaji asihangaike kuvaa viatu. Mistari aliipima kwa uzi uliofungwa kwenye vijiti viwili. Tuta likipinda alilifumua akaanza upya, hata kama miche imeshashika.

"Miche yenyewe haijui kama imepinda," binti yake alimwambia siku moja.

"Mimi najua," Bi Pasi akajibu, akaendelea kuchimba.

Bustani hiyo ilikuwa na adui mmoja tu, naye alikuwa jirani. Upande wa pili wa uzio wa waya kulikuwa na kiwanja cha Fundi Viatu, na kiwanja hicho kilikuwa kimeachwa mpaka kikasahau kwamba kiliwahi kuwa cha mtu. Majani yalifika kifuani. Katikati lilisimama pipa la maji lililokula kutu, na mti wa miba ulikuwa umeota ndani yake ukatokezea juu kama mtu anayeoga. Upepo ukivuma, mbegu za magugu zilivuka na kutua kwenye spinachi. Ndago zilipita chini ya waya. Mvua ikinyesha, konokono walitoka huko wakaja bustanini bila haraka yoyote, kama watu waliokaribishwa.

Kilichomuudhi Bi Pasi zaidi ni kwamba Fundi Viatu hakuwa mchafu. Alikuwa mwanamume mpole, mjane asiye na mtoto, anayefagia baraza lake kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye kibanda chake sokoni. Viatu vya wateja alivyorudi navyo nyumbani alivipanga ukutani, kulia na kulia, kushoto na kushoto. Mtu wa namna hiyo akiamua kuacha kiwanja kigeuke pori, Bi Pasi aliona ni uvivu wa makusudi, na uvivu wa makusudi kwake ulikuwa karibu sawa na wizi.

Alimlalamikia. Mwanzoni kwa adabu, kisha kwa adabu iliyopungua. Safari moja alimpelekea konokono kwenye kisahani, akakiweka mezani kwake katikati ya gundi na misumari. Fundi Viatu alimtazama yule konokono, akamtazama Bi Pasi, akasema, "Nimesikia, dada." Ndilo jibu alilompa kila mara, kwa upole uleule, na kiwanja hakikuguswa. Kisahani alikirudisha jioni, kikiwa kimeoshwa.

Basi mvua za mwaka ule zikaja nzito. Asubuhi moja Bi Pasi alitoka na kikombe chake cha chai kuangalia miche ya spinachi, akakuta vishina vitupu. Tuta zima lilikuwa limeliwa, na juu ya udongo zimebaki njia za ute zinazometameta, zote zikielekea kwenye uzio. Alimaliza chai yake akiwa amesimama. Kisha akachukua jembe, akainua waya kwa mkono, akapita chini yake kwa shida ya umri, akaanza kufyeka.

Hakukusudia makubwa. Alitaka kusafisha ukanda mwembamba tu kando ya uzio, ili konokono akija aonekane. Lakini udongo uliobaki wazi humchokoza mtu wa bustani. Alijiambia kwamba asipouzibia kitu, magugu yatarudi ndani ya wiki, na hoja hiyo ilimridhisha kabisa kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuipinga. Akapanda kunde, kwa uzi, mstari baada ya mstari.

"Mama, umelima kwa watu," binti yake alisema aliporudi kutoka kazini.

"Nimesafisha."

"Na hizo mbegu?"

"Zimeingia wakati nasafisha."

Fundi Viatu hakuona kitu. Alitoka alfajiri kwa mlango wa mbele, akarudi jioni kwa mlango wa mbele, na dirisha lake linalotazama kiwanja lilikuwa na pazia ambalo Bi Pasi hakuwahi kuliona limefunguliwa. Kunde ziliota, zikatanda, zikawa kijani cha kupendeza. Bi Pasi alizimwagilia pamoja na mboga zake, na ndani ya moyo wake akazihesabu kuwa zake.

Siku mambo yalipofichuka ilikuwa Jumamosi alasiri. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya bilinganya akitoa wadudu kwenye majani, akasikia sauti za wanaume wawili ng'ambo ya uzio. Moja alikuwa akiijua. Ya pili ilikuwa ya kinyozi wa mtaa wa mbali, mtu mnene aliyevaa koti lake la kazi, nywele za wateja bado begani. Bi Pasi aliwahi kumwona mara kadhaa akipita uchochoro wa nyuma, akinyoosha shingo kuchungulia kiwanja, halafu akienda zake ameridhika. Alimdhania ni mtu anayetafuta kiwanja cha kununua.

Kumbe alikuwa mdogo wake Fundi Viatu, wa tumbo moja.

Akiwa nyuma ya bilinganya, Bi Pasi alijua kwa dakika chache mambo ambayo hakuyajua kwa miaka yote aliyokaa pale. Mama yao alikuwa amefariki bila kusema kiwanja ni cha nani. Nyumba ilibaki kwa mkubwa, hilo halikuwa na neno, lakini kiwanja kila mmoja alikiona chake. Waligombana mpaka mjomba wao akawaita akawaapisha: asitie jembe humo yeyote kati yao mpaka wapatane. Mjomba akafariki naye, kiapo kikabaki. Ndugu hao hawakusemezana tena. Kinyozi alikuwa akija kuchungulia majani, na kadiri yalivyorefuka ndivyo alivyoamini kwamba kaka yake, hata kama hampendi, bado ni mtu wa kuaminika.

"Tulimwahidi mjomba," Kinyozi alikuwa akisema. "Mbele ya watu."

"Sijagusa," alisema Fundi Viatu.

"Kwa hiyo kunde zimejipanda zenyewe. Kwa mstari."

"Sijui zimetoka wapi. Sijagusa, mdogo wangu."

"Usiniite mdogo wako."

Bi Pasi alihisi masikio yakimwaka moto. Miaka yote alikuwa amemwita mtu huyu mvivu, kimoyomoyo na wakati mwingine si kimoyomoyo, kumbe mwenzake alikuwa akitunza ahadi. Angeweza kubaki chini. Bilinganya zilikuwa na majani ya kutosha. Lakini magoti nayo yalikuwa yameanza kulalamika, na kati ya dhamiri na magoti hakuwahi kujua kwa hakika ni kipi kilichomwinua.

"Ni mimi," akasema.

Wanaume wawili wakageuka. Walimtazama mwanamke mtu mzima aliyeshika kopo la wadudu.

"Mama, usimfichie," Kinyozi akasema.

Bi Pasi hakubishana. Alikwenda kuchukua uzi wake na vijiti, akampitishia juu ya waya, akamwambia aulaze kwenye mstari wowote anaoutaka. Kinyozi akaulaza. Uzi ukakaa juu ya mashina ya kunde kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuachia hata moja. Akaujaribu kwenye mstari mwingine, ikawa vilevile.

"Mimi siwezi kupanda hivyo," Fundi Viatu alisema taratibu. "Wewe unanijua."

Kinyozi alifikiri, akatikisa kichwa kukubali. Lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu msiba wa mama yao. La pili lilifuata papo hapo, nalo ni kwamba Bi Pasi alikuwa na makosa.

Walizunguka wakaja barazani kwake, wakaketi kwenye benchi moja, mabega yakigusana kwa kuwa benchi lilikuwa fupi. Binti alileta chai, akarudi jikoni, akaacha mlango wazi kiasi cha kusikia. Kinyozi alikuwa msemaji, na kaka yake akawa anamjazia pale alipopungukiwa maneno. Walimweleza kwamba ardhi ile ni ya mama yao, kwamba mtu haingii kwa watu na jembe, kwamba umri wake haukuwa kisingizio. Bi Pasi aliyapokea yote. Aliomba radhi, na kuomba radhi hakukuwa desturi yake, kwa hiyo alifanya mara moja tu na kwa ufupi.

"Sasa parudi kama palivyokuwa," Kinyozi alimalizia.

"Nipande magugu?"

Ndugu wakatazamana. Hawakuwa wamefika huko.

Ndipo Fundi Viatu, aliyekuwa akizungusha kikombe mikononi, akasema kwamba magugu yatarudi yenyewe, hayahitaji msaada. Ila kunde zimeshakua, na kwa kuwa zimeota kwenye udongo wa mama, haziwezi kuwa za jirani. Ni zao. Kinyozi akasema naam, ni zao, nusu kwa nusu. Na kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake kuchuma peke yake, ikabidi wachume pamoja, kesho yake, na Bi Pasi asimamie kwa sababu ndiye pekee aliyejua zinachumwaje.

Bi Pasi alisimamia. Fundi Viatu alilivuta kila jani kama anang'oa msumari kwenye soli, akitoka nalo na shina. Kinyozi alikuja na mkasi wa kazini, akawa anakata ncha kidogokidogo, akirudi nyuma kuangalia kama pande zote mbili zimelingana. Bi Pasi aliwaelekeza kwa upole aliouona wa kiwango cha juu. Walipojaza beseni, Kinyozi alisema kwa namna ya kujisemea kwamba mama alikuwa akipanda kunde palepale, karibu na pipa.

"Mbele kidogo," Fundi Viatu akasema. "Pale kwenye kona."

"Hapana. Huku."

Wakaenda kupatafuta, na kwa kuwa majani yalizuia, wakalazimika kuyafyeka ili mmoja wao ashinde. Hakushinda yeyote. Jioni walizipika zile kunde nyumbani kwa mkubwa, wakazidisha chumvi, wakazila zote. Wiki iliyofuata walirudi na mapanga, na iliyofuata tena, mpaka kiwanja chote kikawa cheupe na pipa likatolewa. Bi Pasi aliwatazama kutoka upande wake, mikono kiunoni, ametulia kama mtu aliyetolewa jino.

Asubuhi baada ya kazi hiyo kuisha alitoka na chai yake. Wakazi wa lile pori hawakuwa wameulizwa chochote, na walipobomolewa walihamia palipokuwa karibu. Konokono walikuwa juu ya kila kitu. Panzi walikuwa wamezitoboa bilinganya mpaka zikawa kama chujio. Panya walikuwa wamechimba tuta la vitunguu, na walichimba kwa kupindapinda. Spinachi alizozipanda upya hazikuwepo.

Binti alikuja akasimama karibu naye.

"Mama, si ulitaka wafyeke."

"Nilitaka," alisema Bi Pasi.

Aliketi kwenye kizingiti cha jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu hakuwa na la kufanya kwa asubuhi nzima. Binti yake alisema baadaye kwamba alimwona akifuta macho, lakini Bi Pasi alisema ni pilipili.

Fundi Viatu aliporudi jioni alisogea kwenye uzio, akatazama, akauliza konokono wote wale wametoka wapi. Bi Pasi alinyoosha kidole kuelekea kiwanja.

"Kwenu," akasema.

"Pole, dada."

Safari hii hakuishia hapo. Akaenda kumwita mdogo wake, wakaja na ndoo na majivu, wakachuchumaa kwenye matuta yake mpaka giza lilipoingia, wakiokota konokono mmoja mmoja. Kinyozi alikuwa akiwaogopa na akawaokota kwa koleo la chuma. Waliziba mashimo ya panya, wakaja tena kesho yake, na siku za baadaye pia, bila kualikwa. Bi Pasi alipanda upya. Msimu ule alivuna kidogo, tena kwa kuchelewa, na binti akanunua mboga sokoni akiziingiza ndani zimefunikwa, kwa heshima.

Kiwanja hakikugawanywa. Walijaribu kukipima, wakakosana juu ya kamba, wakaacha. Wanalima pamoja, mahindi huku na kunde kule, mistari ya Kinyozi ikienda inakotaka, na kila Jumapili alasiri wanagombana kwa sauti kubwa kuhusu nani amwagilie na nani apalilie, na mama alifanyaje. Saa hizo binti wa Bi Pasi hupenda kulala, kwa hiyo hufunga dirisha lake. Bi Pasi hufungua la kwake, akasogeza kiti.