Mistari Minne Niliyoiacha Wazi

Mtendaji wa kijiji alikuwa anaumwa, nikaambiwa niandike muhtasari wa mkutano kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Ni mzuri kwa kuwa naandika polepole. Nimeishia darasa la saba. Niliona aibu kukataa mbele za watu, nikapokea daftari.

Mkutano ulihusu shimo la udongo kwenye ukingo wa mto, wanapochimba mama yangu na wafinyanzi wenzake. Mvua zilikuwa zimeumega ukingo, na watu walitaka kujua kama shimo lifungwe.

Afisa mazingira, mgeni aliyehamishiwa kwetu, alisema mto una haki yake wenyewe. Hata tukihama sote, kuuchimba kutabaki kuwa kosa. Nikaandika.

Mzee mwenye mashamba ya mpunga huko chini alisema haki ya mto haioni. "Mto haupigi kura. Sisi wa mpunga ni wengi, wa vyungu ni wachache. Wengi wasiumie kwa ajili ya wachache."

"Na wali wako unapikia kwenye kofia?" mfinyanzi mmoja akamuuliza.

"Kwenye sufuria, mama. Haivunjiki."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa bado kwenye neno "wachache".

Hapo mama akasimama. Si msemaji mikutanoni. Alisema udongo si wa mto wala si wetu. Ni wa waliochimba wakafa na wa watakaozaliwa wachimbe, sisi tumeshika zamu tu. Ndiyo maana chungu kikipasuka motoni vigae vyake havitupwi, hurudishwa shimoni, na shimo halipanuliwi mbele kabla ya kujazwa nyuma.

"Mwaka huu hatukurudisha," akasema. "Tulivimwaga kwenye njia ya kanisani, watu wasikanyage matope. Tuliona tunafanya jambo jema. Kosa ni letu. Tupeni msimu mmoja tujaze. Ndaga, asanteni."

Akaketi. Ningeweza kunyoosha mkono niseme, mama, rudia. Sikunyoosha. Niliacha mistari minne wazi, nikidhani nitamuuliza nyumbani.

Watu hawakuafikiana. Mwenyekiti akasema basi, kata iamue kwa kusoma muhtasari. Afisa alikuwa ameshawasha pikipiki. Mwenyekiti akachukua daftari mapajani mwangu akampa. Niliiangalia pikipiki mpaka ikapotea kwenye migomba. Nyumbani sikusema kitu.

Barua ilirudi wiki chache baadaye. Mama hasomi, nikamsomea. Baada ya kupima hoja mbili zilizotolewa, shimo lifungwe.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Mbili? Na yangu?"

"Nilichelewa kuandika, mama."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa chumvi imekwisha. Akaendelea kulainisha chungu alichokuwa nacho, kilichotoka kwenye udongo wake wa mwisho. Nilingoja anigombeze. Nilingoja pia nilie. Hakuna kilichokuja.

Jumamosi vijana walikuwa wameshazungushia shimo miti. Mama alikwenda na jembe kwenye njia ya kanisani, akaanza kufukua vigae. Alivijaza kwenye karai, akapita kati ya miti ile, akavimwaga shimoni. Akarudi kuchukua vingine.

Nilichukua karai la pili. Hakuniambia nije, wala hakuniambia nirudi.