Rangi ya Gari la Mzee Athmani

Usinicheke bado. Nimepiga rangi magari hapa Shika Adabu tangu ndevu hazijaniota vizuri, na harufu ya thina haijawahi kunilevya. Kwa hiyo usije ukaniambia nilikuwa nimelewa. Nilichokiona nilikiona, wallahi, tena jua likiwaka.

Mzee Athmani aliniletea gari lake la spoti la zamani, lile fupi la milango miwili, bodi nzima ya faiba. Alitaka nilirudishie rangi yake ya kwanza, ile lililokuwa nayo siku alipokwenda kumchukua bibi harusi wake. Mkewe huyo alifariki kitambo, hata mwaka wa ndoa hawakuumaliza, na mzee hakuoa tena. Sasa macho yake yalikuwa yanaingia giza. "Fundi," aliniambia, "nataka niione mara moja tu kabla sijawa kipofu." Wewe ungekataa?

Kazi ikanishinda. Rangi ya asili huitafuta pasipofika jua, chini ya mpira wa mlango au nyuma ya taa. Lakini gari hili liliwahi kukwanguliwa lote, na juu yake zikapakwa rangi nyingine. Mzee alikumbuka tu kwamba ilikuwa kama maziwa yaliyotiwa zafarani. Kila nilipochanganya, nilipaka kipande cha bati, nikakianika kikauke, maana rangi mbichi hudanganya. Mzee alikisogeza karibu na jicho, akatikisa kichwa. Nilimwonea huruma mpaka usingizi ukanipaa.

Siku moja, baada ya sala ya alasiri, upepo ulikuwa umetulia na nilikuwa nimemwagia uwanja maji kulaza vumbi. Akapiga hodi msichana mwenye buibui jeusi na hina mbichi mikononi. Nikadhani ni jamaa ya mzee. Akachungulia kopo langu.

"Siyo hiyo, fundi. Tia nyeusi kidogo."

Nyeusi, kwenye rangi ya maziwa? Nilitia kwa ubishi tu. Rangi ikageuka mbele ya macho yangu, na moyo ukaniambia ndiyo hiyo. Nikafunga kitambaa puani, nikaanza kupuliza. Nikamwambia asogee asije akachafuka. Hakusogea. Alisimama kando ya mlango wa abiria, mgongo kwa ukuta, akasema taratibu kwa lafudhi ya watu wa kale:

"Mwambie Athmani n'tayari. Na aje anitukue."

Hapo ndipo nikamtazama sawasawa. Vumbi la rangi hushika kila kitu, kope, kuku, hata nguo za jirani kambani. Buibui lake lilikuwa jeusi vilevile. Na ukuta ulio nyuma yake ulikuwa unaingia rangi wote, hata pale alipousitiri kwa mwili wake. Rangi ilikuwa inampita! Niliitupa mashine nikaruka ua wa jirani, mimi na kitambi changu hiki. Tuliporudi na jirani hakukuwa na mtu.

Ilibidi nilimalize gari, jirani akiwa amesimama nami. Mzee alipokuja, alilisogelea mpaka pua ikaligusa, akalia kwa sauti. "Ndiyo hii, ndiyo hii." Akaniuliza nani alinionyesha. Nikasema nimebahatisha. Ningemwambia nini mtu mzima kama yule? Kwamba marehemu mkewe anamwita?

Mzee yu hai hadi leo. Haoni tena, lakini kila jioni huketishwa ndani ya gari lile, akatabasamu peke yake.

Mimi ndiye niliyeharibikiwa. Kila nikipuliza rangi, gari lolote, hutokea katikati ya lile vumbi, hina mbichi mikononi. Haniulizi ila neno moja: "Umemwambia?" Nimeacha kupuliza. Siku hizi napiga msasa na kuziba nyufa tu, na nikisikia kompresa ya mtu ikiunguruma naondoka zangu.

Enyi mafundi wenzangu, mgeni akisimama karibu nanyi mkipuliza, tazameni ukuta ulio nyuma yake kabla hamjapokea ujumbe wowote. Na wewe uliyenisikiliza, ukipita kwetu jioni ukamwona mzee kipofu ndani ya gari la rangi ya zafarani, msalimie, uende zako. Nakuomba, usimwambie.