Sanduku Lililotazama Kusini

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye karakana ya Temeke kabla mlango haujafunguliwa, viatu mkononi visilowe umande, nikajibanza ukutani. Nilikuwa nimetoka sekondari juzijuzi, na haya zangu zilikuwa kubwa: nikiulizwa jina, natazama chini. Maneno yangu yote niliyamalizia kwenye daftari la kila siku. Ninalo bado, na ndilo linalonikumbusha haya. Nyie mnaofunga mitambo ya jua leo mtacheka, lakini sie tulianza na bati, kioo na rangi nyeusi, Mwingereza angali anatawala.

Bwana Mhandisi alinifanya karani wa vipimo, yaani msoma kipimajoto. Alikuwa anabuni sanduku la kukaushia mazao. Bati la migongo lilipakwa rangi nyeusi, juu yake kioo, katikati upenyo wa vidole vinne. Jua hulipasha bati, bati huipasha hewa iliyomo kwenye upenyo, na hewa ikishapata moto huwa nyepesi, hupanda yenyewe hadi kwenye kabati la trei za wavu. Hakuna kuni wala feni. Nililizunguka sanduku lile mara ngapi sijui, nikijiuliza hewa inaijuaje njia.

Fundi Mkuu, Mzee Shomari, alimleta dada yake, Bi Mwanaidi wa Chanika, na nazi za msimu mzima zilizopasuliwa tayari kukaushwa ziwe mbata.

"Mbata hizi ndizo bati za nyumba yangu," alisema. "Makuti yamechoka. Mkiniharibia, mvua za vuli zitanikuta uani."

"Hazitaharibika, mama," alisema Bwana Mhandisi, na sanduku likasimamishwa limetazama kusini, kama mchoro wake ulivyoagiza.

Ilikuwa mwezi wa sita, kipupwe. Jumatatu kipimajoto kiligoma kupanda. Jumanne saa sita nilipotoka kukisoma nikakiona kivuli changu kimelalia kusini, nikakumbuka mlingoti wa bendera shuleni, ambao kivuli chake miezi hiyo kilituangukia upande huohuo. Basi jua lilikuwa linapita kaskazini! Mchoro ulichorwa kwao Ulaya, ambako saa sita jua huwa kusini mwaka mzima. Niliandika: "Jumanne. Sanduku limeligeuzia jua mgongo. Sijasema."

Jumatano sikusema. Mie nani nimkosoe mhandisi? Alhamisi mbata zilianza kuota ukungu, nikaandika hilo nalo.

Ijumaa saa nne Bi Mwanaidi alikuja kutazama. Alivunja kipande, akakinusa, kisha akatandika kanga chini na kuanza kuchambua zilizopona. Angenitukana ningevumilia. Nikamsogelea Mzee Shomari nikanong'ona.

"Sema kwa sauti, we mtoto. Mie sina masikio ya popo."

Nikasema. Hakubisha. Aliagiza chetezo kutoka nyumbani kwake, akatia ubani na kukiweka kwenye mdomo wa chini wa sanduku. Moshi ukazubaa palepale kama mgeni asiyekaribishwa. Tukaligeuza sanduku kaskazini, tukalilaza kidogo, tukangoja. Moshi ukainama, ukaingia, na baada ya muda kabati lote likanukia ubani, moshi unatokea juu. Nilisahau haya zangu, nikacheka peke yangu.

Bwana Mhandisi alikuwa amesimama nyuma yetu. "Nani ameona kosa?"

Mzee Shomari akanionyesha kwa kidevu.

"Umeona lini?"

Ningeweza kudanganya kwamba ni leo. Nikampa daftari. Akasoma polepole. "Jumanne," alisema. "Kosa la kuchora ni langu. Hili lingine ni lako."

Bi Mwanaidi aliinua uso. "Siku nne, mwanangu? Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa naona haya, shikamoo."

"Marahaba. Haya zako zimekula nusu ya paa langu."

Zilizobaki zilikauka vizuri, nyeupe, lakini zilikuwa nusu. Majaribio yalipokwisha, Bwana Mhandisi alimpa yale mabati meusi yafidie pengo. Haukupita mwezi Bi Mwanaidi akarudi karakana. "Nyumba imekuwa sanduku lenu. Naiva humo ndani. Mleteni yule wa daftari."

Nilikwenda Chanika kwa baiskeli. Safari hii nilisema kabla sijaketi: tuache upenyo ukutani chini ya paa, tutoboe tundu karibu na kilele chake, tutandike dari la mikeka. Hewa ya moto ikawa inapita juu ya dari na kutoka, Bi Mwanaidi akalala vizuri chini yake, na juu ya mikeka ileile akaanika mbata zake. Huo ndio mchoro wangu wa kwanza.

Baadaye nilihamishiwa Kilosa, Korogwe, kisha Kinondoni. Wakuu walikuja na kuondoka. Kila mahali, kabla ya kushika rula, nilitoka nje saa sita kutazama kivuli changu.

Nilistaafu nikiwa Mchoraji Mkuu. Wiki ya mwisho kijana mmoja wa ofisini aliniwekea mchoro mezani nitie sahihi, na niliona kosa palepale. Haya zilinirudia vilevile kama Temeke. Nikamwita, nikamwambia kabla hajatoka mlangoni.