Karata za Babu kwenye Moto wa Msiba

Babu yangu alipofariki kule Mgeta, sikuogopa kaburi. Niliogopa watani.

Kwetu milimani, watani wakifika msibani wanamwigiza marehemu, wanateka vitu vyake, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeaibisha ukoo mzima. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu cha kutekwa: karata za Kilatini ambazo babu alipewa na padri wa Kizungu alipokuwa anasoma seminari. Kila karata ina neno moja, na chini yake maumbo yote ya neno hilo kwa herufi ndogo. Babu alicheza nami, yeye akinionyesha neno na kufunika maumbo, mimi niyataje kwa kichwa, lakini hakunifundisha. Kilatini nilijifunza mwenyewe kwa kuzikodolea macho. Hata moja haikuwahi kupotea. Nilizipanga kila usiku, maana nikijua kitu changu kina pengo sipati usingizi.

Basi mtani mmoja, mama wa makamo, akatoka chumbani amevaa koti la babu, anakohoa kikohozi cha babu, kile cha siku za mwisho. Karata anazo mkononi. Akaenda kusimama kwenye mafiga, maharage yakichemka.

"Mjukuu wangu, njoo tucheze. Sheria unaijua. Anayekwama, karata yake inakwenda."

Ilikuwa sheria ya babu kweli, ila kwa babu iliyokwenda ilirudi mchezo ukiisha.

"Mtani, chukua kuku," nikasema. "Chukua hata wawili."

"Kuku hajui Kilatini."

Watu chini ya turubai wakacheka. Akainua karata ya kwanza. Nilianza vizuri, nikasita kidogo katikati. Nilikuwa najua, ila nilitaka kuwa na hakika.

"Amekwama," akasema, akaitupa motoni. Ikajikunja kama jani la tumbaku.

Yeye Kilatini hakujua hata neno moja. Alisikiliza kusita tu. Mama yangu akapita na ndoo, akaninong'oneza: "Sema chochote, wewe. Nani atajua?"

Ningejua mimi. Nikaendelea kusema sahihi, polepole, na kila moto ulipokula moja, nilizidi kusita.

"Nilimsomesha huyu," mtani akawaambia watu kwa sauti ya babu. "Mnaona kilichoniua?"

Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Ndipo bibi, ambaye tangu mumewe akate roho hakuwa ametia hata uji mdomoni, akaanza kucheka pale kwenye mkeka. "Hivyo hivyo alivyokuwa," akasema. "Hana huruma. Mchomee nyingine."

Iliyofuata niliijua kuliko jina langu. Nilikaa kimya. Mtani akanitazama, akangoja, kisha akaitupa. Bibi akacheka mpaka machozi, akaomba uji.

Zilizobaki nilirudishiwa jioni, zimefungwa kwenye kipande cha khanga. Fundo hilo sijalifungua hadi leo.